Maswali na Majibu: Skripti za Kuanzishia Tomcat

Swali: Faili langu la huduma la systemd (programu inayoanzisha na kusimamia huduma kwenye Linux) linaita catalina.sh start, yaani skripti inayoanzisha Tomcat, seva ya programu za wavuti za Java, lakini Tomcat hufa mara tu inapoanza. Tatizo ni nini?

Jibu: Andika catalina.sh run. Amri ya start huiacha Java ikiendelea peke yake kisha skripti humalizika, hivyo systemd huona mchakato mkuu umekwisha na kuiua michakato iliyobaki. Swali hili huletwa kila mara na watu waliohamisha skripti ya zamani ya init (mfumo wa kuanzishia huduma uliotangulia systemd) bila kuisoma. Isomeni kwanza.

Swali: Nikiizima Tomcat vizuri, systemd huandika kwamba huduma imeshindwa.

Jibu: Weka SuccessExitStatus=143, yaani 128 jumlisha 15, namba ya SIGTERM, ishara ya kuuomba mchakato ujizime.

Swali: Skripti ya kifurushi chetu huendeshwa na root (msimamizi mkuu wa mfumo) ili itengeneze faili la kumbukumbu na kulimilikisha kwa mtumiaji tomcat kabla seva haijaanza. Je, kuna ubaya?

Jibu: Upo, na ni mkubwa. Saraka ya kumbukumbu iko mikononi mwa tomcat. Kwa hiyo mshambuliaji aliyepenya kupitia programu moja ya wavuti anaweza kuliondoa catalina.out, faili hilo la kumbukumbu, akaweka mahali pake kiungo (symlink) kinachoelekea /etc/shadow, faili la nywila za mfumo, kisha akasubiri seva ianzishwe upya, na root mwenyewe atamkabidhi faili hilo. Udhaifu wa namna hii ulipatikana katika vifurushi vya Tomcat vya Debian na Ubuntu mwaka 2016, ukasajiliwa katika orodha ya udhaifu wa usalama kuwa CVE-2016-1240. Weka User=tomcat na LogsDirectory=tomcat, systemd iandae saraka yenyewe. Chunguzeni pia setenv.sh, faili la mipangilio ya kuanzishia: catalina.sh huitekeleza, hivyo ikiwa root ndiye anayeanzisha na tomcat anaweza kuiandika, mshambuliaji hahitaji hata kiungo. Mtunza kifurushi huamua kwa niaba ya watu ambao hawataifungua skripti hiyo kamwe, na ndiyo maana uzembe huu hausameheki.

Swali: Lakini tunahitaji root kwa ajili ya poti 80.

Jibu: Hammhitaji. AmbientCapabilities=CAP_NET_BIND_SERVICE humpa tomcat ruhusa ya kufungua poti za chini kama hiyo bila kumpa nyingine yoyote.

Swali: Kila sasisho hufuta mabadiliko yangu ndani ya catalina.sh.

Jibu: Na litaendelea kuyafuta, kwa kuwa vilivyo chini ya /usr ni mali ya kifurushi. Vigezo vya Java viwekwe katika setenv.sh iliyo ndani ya CATALINA_BASE/bin (CATALINA_BASE ni saraka ya Tomcat yako yenyewe), ikimilikiwa na root na tomcat asiweze kuiandika. Mipangilio ya huduma ibadilishwe kwa systemctl edit, ambayo huihifadhi chini ya /etc/systemd/system.