Utoto wa watu mashuhuri: maneno kwa mwongoza watalii mpya wa Arusha na Moshi

Kila msimu ukifunguka tunapokea vijana wapya. Wengi wametoka chuoni vizuri kabisa: ndege wanawajua, mimea wanaijua, njia zote za Mlima Kilimanjaro wanazijua kwa majina. Lakini mgeni akiuliza Nyerere alikulia wapi, au Mangi Meli, yule chifu wa Wachaga wa Old Moshi, alikuwa nani kabla ya kunyongwa na Wajerumani, wanababaika. Wengine hawababaiki, wanabuni, na hao ndio wananitia wasiwasi zaidi. Mgeni wa siku hizi amesoma kabla ya kupanda ndege, na simu iko mkononi.

Mdogo wangu, anza na miaka. Ukishika miaka miwili mitatu ya mtu, nusu ya simulizi unayo tayari. Nyerere alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922 na akaanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Toa, unapata kijana wa miaka 12 anayekaa darasa la kwanza, bweni, mbali na kwa mama yake. Mwaka 1937 yuko Tabora. Toa tena, ni mitatu, na masomo ya Mwisenge yalikuwa ya miaka minne. Huna haja ya kumwambia mgeni kwamba alikuwa mtoto mwenye akili za ajabu. Mpe miaka, ataona mwenyewe.

Halafu mwite mtu kwa jina alilokuwa nalo wakati huo. Nimesikia mara nyingi, hata kwa wazoefu: "Julius mdogo alipokuwa akichunga mbuzi." Hakukuwa na Julius mdogo. Aliyekwenda Mwisenge ni Kambarage. Jina la Julius alilipata kwenye ubatizo, Desemba 1943, akiwa na miaka 21, Tabora ameshamaliza na Makerere ameshaingia. Utasema ni jambo dogo. Mgeni mmoja mwalimu mstaafu alinishika hapohapo, tena kwa upole, akitaka kujua kwa nini mtoto wa kijiji ambacho hakikuwa cha Wakristo aitwe Julius. Kwa bahati jibu nilikuwa nalo.

Kingine ni familia, na hapa ndipo tunapoharibu zaidi, kwa sababu watalii wanapenda hadithi ya mtoto maskini aliyeinuka, nasi tunawapa wanachokipenda. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki. Shule ya Tabora nayo haikuwa shule ya kila mtoto: serikali ya kikoloni ilikuwa imeianzisha ikiwalenga watoto wa machifu, na iliendeshwa kwa mtindo wa shule za bweni za Uingereza, viranja na mabweni na kengele. Wakati huohuo, mama yake, Mgaya, alikuwa mke wa tano kati ya wake 22, na mtoto alikulia katika nyumba ya mama, akichunga na kulima kama wenzake. Vyote viwili ni kweli. Ukisema kimoja tu umedanganya, hata kama kila neno ulilotamka ni sahihi.

Zipo hadithi ambazo ni tamu na zimezunguka sana: kwamba chifu wa jirani aliona anavyocheza bao akashauri apelekwe shule, kwamba Tabora alipinga viranja kupewa chakula mara mbili. Zisimulie, sikukatazi. Ila tanguliza "inasimuliwa." Utoto wa mkubwa husimuliwa baada ya yeye kuwa mkubwa, na kila msimuliaji huongeza chumvi kidogo.

Ukiwa na wageni Makumbusho ya Azimio la Arusha, pale karibu na Mnara wa Mwenge, ndipo masomo yake yanapokuwa na maana. Watu hutazama picha za mwaka 1967 wakadhani Azimio, lile tamko la ujamaa na kujitegemea, lilishuka kutoka hewani. Waeleze kwamba mtu huyu alipita Mwisenge, Tabora, Makerere 1943 hadi 1945, kisha Edinburgh 1949 hadi 1952, na katikati alifundisha darasani. Azimio lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Mwezi uliofuata akatoa andiko lake, Elimu ya Kujitegemea, akilaumu shule inayomtenga mtoto na kijiji chake. Anayelaumu alipitia shule za namna hiyohiyo. Nyamaza kidogo hapo, maswali yatakuja yenyewe.

Sokoine, aliyekuwa Waziri Mkuu, utamtaja haraka, maana mara nyingi mko garini kwenye barabara yenye jina lake na foleni haingoji. Alizaliwa Monduli mwaka 1938 katika familia ya wafugaji wa Kimaasai, akaanza shule hukohuko, kisha akaja Umbwe, Kibosho, kwa sekondari. Wageni wanaopanda kwa njia ya Umbwe hufurahi sana kulisikia hili, kwa hiyo waliotoka Moshi msilisahau.

Old Moshi ni kazi nyingine. Meli hakusoma shule yoyote ya darasani tunayoweza kuitaja, na usimtungie. Lakini malezi alikuwa nayo. Alikulia kwa baba yake, Mangi Rindi, ambaye wageni wa Kizungu walimwita Mandara (kibanda cha kwanza njia ya Marangu kinabeba jina hilo). Kwa Rindi walipita wafanyabiashara wa pwani, wapelelezi na wamisionari, na mwaka 1889 Rindi alituma wajumbe wake hadi Ujerumani. Kijana aliyekua akiangalia siasa ya namna hiyo alirithi kiti mwaka 1891. Mwaka uliofuata aliwapiga Wajerumani, mwaka 1893 wakamshinda, na tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga. Ukifika pale penye mti aliponyongewa, usiongee sana. Wapo wenyeji, na kama kuna mzee, mpishe yeye. Mwamkie kwanza, umuombe, kisha wewe tafsiri.

Mwisho Lauwo wa Marangu, anayesimuliwa kuwa aliwaongoza Wazungu wa kwanza kufika kilele cha Kilimanjaro, maana mtaulizwa kila wiki. Hans Meyer, Mjerumani aliyeongoza safari hiyo, tunamjua vizuri: alizaliwa mwaka 1858, ukoo wa wachapishaji wa kamusi kubwa ya maarifa, chuo kikuu amesoma. Mwenzake Purtscheller alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo, na siku waliyofika kileleni, 6 Oktoba 1889, alikuwa anatimiza miaka 40. Yohani Kinyala Lauwo alifariki mwaka 1996, na umri uliotajwa, zaidi ya miaka 120, unatokana na simulizi. Meyer aliandika kitabu chake mwenyewe, Lauwo hakuandika. Kama alifika kileleni na hao wawili bado kunabishaniwa. Ukisema hivyo wazi, wageni wengi wataanza kuuliza ni nani mwenye kalamu siku zile, na saa nzima ya kwenda getini itaisha bila ninyi kugusa urefu wa mlima.