Polisi wa mji mdogo na wenzao waliofia kazini

Kaka umeuliza polisi wa mji mdogo kama Mafinga wana kazi gani zaidi ya kusimamisha malori, na kwa nini Wamarekani wanawafanyia askari waliokufa shughuli kubwa vile. Hiyo ya malori usiidharau bana, lori likifeli breki pale mteremko wa Kitonga usiku anayekimbizana kupanga magari ni trafiki na tochi yake, na madereva wa mabasi mnawajua wenyewe wanavyotanua hata foleni ikiwa imekufa kabisa. Halafu kuna polisi kata, huyu wengi hawamjui, anapangiwa kata yake anakaa na mtendaji na wenyeviti wa mitaa, ugomvi wa mipaka ya mashamba, kelele za vilabuni, bodaboda wanaozinguana, mengi yanaishia hukohuko hayafiki kituoni.

Wamarekani wao wana siku kabisa ya kuwakumbuka, 15 Mei, Rais Kennedy ndo aliisaini 1962, na pale Washington kuna kuta zimechongwa majina ya waliofia kazini, hata kama alitoka kimji cha askari watano jina lake lipo. Sisi tuna Mashujaa 25 Julai ila polisi humo unamsikia kwa mbali sana. Kituo cha polisi Stakishari, Dar, kilivamiwa 2015 wakauawa askari wanne, nani humu anakumbuka hata jina moja? Mi ningeanza na kibao tu ukutani kituoni, jina na mwaka, hata fundi wa hapa Mafinga anachonga. Rushwa barabarani ipo sikatai, hiyo tuifungulie uzi wake.