Maswali na Majibu: Vijana wa Ujerumani Walioukimbia Mji

Toleo lililopita niliandika kwa kifupi kuhusu Wandervogel, yaani "ndege wahamao", vijana wa Kijerumani ambao mwanzoni mwa karne ya 20 walitia mabegi mgongoni wakaingia misituni. Maswali yamekuja mengi kuliko nafasi niliyonayo. Nimechukua yaliyoulizwa na wengi, pamoja na moja kutoka Ukerewe ambalo nimelipa nafasi kubwa kwa makusudi.

Hao vijana walikuwa wanakimbia nini hasa, na wazazi wao walikuwa na uwezo? (Msomaji, Morogoro)

Kweli, walikuwa na uwezo. Baba zao walikuwa maofisa wa serikali, walimu, madaktari. Waliishi Steglitz, wakati huo kitongoji kilichokuwa bado nje ya mipaka ya Berlin. Lakini angalia Berlin yenyewe: mwaka 1871 ilikuwa na watu zaidi ya 800,000, na kufika 1900 walikuwa wanakaribia milioni 2. Moshi wa viwanda, nyumba za kupanga zilizobanana, uani kusikofika jua. Shuleni ni Kigiriki na Kilatini kwa kukariri, mwalimu anaamrisha kama sajini. Nyumbani baba hajibiwi. Kijana wa miaka 15 hakuwa na mahali popote ambapo neno lake lilikuwa na uzito.

Mwaka 1896 mwanafunzi wa chuo kikuu, Hermann Hoffmann, alianza kuwafundisha hatimkato (mwandiko wa kasi) wavulana wa sekondari ya Steglitz. Akawa anawatoa matembezi, kwanza ya karibu, kisha ya mbali, hadi mwaka 1899 wakaingia Msitu wa Bohemia. Alipopata kazi ya ubalozi nje ya nchi, alimwachia Karl Fischer uongozi. Kikwazo kilikuwa kwamba wanafunzi hawakuruhusiwa kuunda chama. Fischer akatafuta watu wazima wenye heshima zao, wakakutana katika mkahawa wa chini ya ukumbi wa mji tarehe 4 Novemba 1901 na kuunda kamati. Kisheria chama kilikuwa cha wazee hao, na wavulana waliandikwa tu kwenye daftari la wasafiri. Ujanja mzuri kabisa, na ulifanya kazi.

Safari zenyewe zilikuwa za gharama ndogo mno. Kaptura, shati lisilofungwa kola, viatu vya misumari, sufuria moja kubwa iliyojaa masizi inayobebwa kwa zamu. Usiku wanamwomba mkulima nafasi kwenye ghala la nyasi kavu. Gitaa halikosekani. Mwaka 1909 mmoja wao, Hans Breuer, alichapisha kitabu cha nyimbo za kienyeji kilichouzwa kwa mamia ya maelfu ya nakala. Ila jambo jipya kuliko yote, kwa maoni yangu, lilikuwa umri wa kiongozi. Aliwapita wenzake kwa miaka michache tu. Vijana walijiongoza wenyewe, na Ujerumani ya Kaisari haikuwa imezoea hilo.

Na wasichana je? (Msomaji, Mombasa)

Fischer hakuwataka. Waliingia baada ya chama kugawanyika. Tawi jipya lililoundwa mwaka 1907, Wandervogel Deutscher Bund, liliwapokea na pia likapiga marufuku pombe. Hata hapo mabishano hayakwisha, na vikundi vingi vilitembea wavulana kwao, wasichana kwao. Lakini, dada yangu, fikiria msichana wa wakati ule, aliyekazwa kiunoni kwa kamba na mifupa ya nguo hata kupumua ni taabu, akaivua yote ili apande mlima na kulala kwenye nyasi mbali na nyumbani. Kwake ushindi ulikuwa mkubwa kuliko wa kaka yake.

Watoto wa wafanyakazi hawakuwa na hamu ya milima? (Msomaji, Kigoma)

Walikuwa nayo, ila muda na nauli ndivyo vilivyokuwa shida. Wao walikuwa na njia yao, iliyoanza hata kabla ya Wandervogel. Mwaka 1895 huko Vienna, Austria, wasoshalisti waliunda Naturfreunde, "marafiki wa maumbile". Miongoni mwao walikuwamo mwalimu Georg Schmiedl, mhunzi Alois Rohrauer na mwanafunzi Karl Renner, ambaye baadaye alikuja kuwa rais wa nchi. Milima na misitu mingi ilikuwa mikononi mwa matajiri, basi salamu yao ikawa "mlima huru". Wakajenga nyumba zao za kulala wasafiri kwa mikono yao wenyewe. Wanazi waliwapiga marufuku Ujerumani mwaka 1933.

Je, skauti wetu wametokana na hao? (Kiongozi wa skauti, Nakuru)

Hapana. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, ambaye kaburi lake liko kwenu Nyeri, alifanya kambi yake ya majaribio mwaka 1907, na Wandervogel walikuwa tayari na miaka sita. Mizizi ni tofauti pia. Skauti ya Ujerumani ililetwa na watu wa jeshi, hasa daktari Alexander Lion na ofisa Maximilian Bayer, na wote wawili walikuwa wametumikia Namibia katika vita dhidi ya Waherero. Mila hizi mbili zilichanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, skauti wakapata gitaa, Wandervogel wakapata sare. Mimi naona waliopoteza ni Wandervogel.

Mwanangu anapelekwa na shule kulala hosteli ya vijana. Hizo hosteli zilitoka wapi? (Mama msomaji, Dortmund)

Zilianzia karibu na hapo ulipo, mama, mji wa Altena. Mwalimu wa huko, Richard Schirrmann, alikuwa akiwatoa wanafunzi wake, wengi watoto wa wafanyakazi, kwenda kujifunza porini. Tarehe 26 Agosti 1909, wakiwa safarini kwa miguu kuelekea Aachen, dhoruba iliwakamata katika bonde la Bröl. Wakajihifadhi katika shule ya kijiji iliyokuwa tupu kwa sababu ya likizo. Madawati yakasogezwa, mabua yakatandazwa sakafuni, watoto wakalala. Mwalimu hakulala. Radi zikipiga usiku kucha, aliwaza kwamba kila kijiji nchini kina shule, na kila likizo zinakaa tupu. Kwa nini zisiwe malazi, moja kila baada ya mwendo wa siku moja?

Aliandika gazetini, michango ikaja, na kufika mwaka 1912 alikuwa na hosteli ya kudumu ndani ya ngome ya Altena. Mabweni yale ya kwanza, na vitanda vyake vizito vya mbao, bado yapo kama makumbusho, na hosteli inapokea wageni mpaka leo. Mpeleke mtoto akaone. Mwaka 1932 wajumbe wa nchi kadhaa walikutana Amsterdam kuunda shirikisho la kimataifa, na Schirrmann akawa rais wake hadi Wanazi walipomlazimisha kuachia mwaka 1936.

Yote haya yanatuhusu nini sisi huku ziwani? (Msomaji, Ukerewe)

Yanakuhusu kuliko unavyodhani, ndugu yangu, kwa sababu ya mtu mmoja: Hans Paasche. Alizaliwa mwaka 1881, baba yake akiwa mwanasiasa mkubwa wa Bunge la Ujerumani. Alifika pwani yetu akiwa ofisa wa jeshi la majini, na Maji Maji ilipolipuka mwaka 1905 alipewa kikosi Rufiji. Alipigana, watu wakafa kwa amri yake. Hilo halifutiki, wala sitaki lifutwe. Lakini vita ile ilimfanyia kitu ambacho haikuwafanyia wenzake wengi. Aliacha jeshi, akaoa, na mwaka 1909 akarudi na mkewe Ellen, safari hii kutembea tu hadi Ziwa Victoria na chanzo cha Nile.

Aliporejea Ujerumani akawa mpinga vita, mpinga pombe, mtetezi wa ndege waliokuwa wakiuawa kwa ajili ya manyoya ya kofia za wanawake. Mwaka 1912 alianza kuchapisha katika jarida lake barua za Mwafrika wa kubuni aitwaye Lukanga Mukara, anayetumwa na mfalme wake kuipeleleza Ujerumani ya ndani kabisa. Mukara ni Mkara, mtu wa Ukara, kisiwa jirani yako. Lukanga anashangaa. Watu hawa wanajibana kwa nguo hadi miili inaharibika, wanavuta na kutoa moshi, wanakunywa hadi kuanguka, wanakimbia huku na huko bila kujua waendako. Wakati ule wazungu walijaza vitabu kwa ripoti za "desturi za wenyeji", na Paasche aliigeuza darubini ikawatazama wao.

Na sasa kiungo chenyewe. Oktoba 1913 Ujerumani yote ilikuwa katika sherehe za miaka 100 tangu Napoleon ashindwe Leipzig, na mnara mkubwa wa kumbukumbu ulikuwa uzinduliwe kwa magwaride na hotuba. Vyama vya vijana havikutaka. Tarehe 11 na 12 vijana zaidi ya 2,000 walipanda mlima Hoher Meissner, kusini mashariki ya Kassel, bila bia wala tumbaku, wakatamka kwamba watayaunda maisha yao kwa uamuzi wao wenyewe, kwa wajibu wao wenyewe na kwa ukweli wa ndani. Paasche alikuwa mmoja wao. Barua ya mwisho ya Lukanga imeandikwa kutoka mlima huo. Hapo ndipo Mkara wetu anaikuta Ujerumani anayoweza kuipenda, vijana wenye miili huru yenye afya, wanaocheza na kuimba.

Nina pingamizi langu. Sauti ile si ya Mkara, ni ya mzungu aliyemvisha Mwafrika mawazo yake, na hakuna mtu wa Ukara aliyeulizwa. Hata hivyo hakuna Mjerumani mwingine wa kizazi kile ninayemfahamu aliyetoka kwenye bunduki za Rufiji akaishia pale. Na alilipa. Mwaka 1917 alikamatwa kwa uhaini kwa sababu ya kupinga vita, akafungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, mapinduzi ya Novemba 1918 yakamtoa. Tarehe 21 Mei 1920 wanajeshi walizingira shamba lake wakidai wanatafuta silaha, wakampiga risasi alipokuwa anarudi kutoka ziwani. Silaha hazikupatikana. Hakuna aliyeadhibiwa. Watoto wanne walibaki, mama yao akiwa amekwisha kufariki. Ningependa sana jina lake lifundishwe pale inapofundishwa Maji Maji, pamoja na aliyoyafanya upande wa Wajerumani.

Si hawa hawa ndio walioleta Vijana wa Hitler? (Wasomaji kadhaa, Dar es Salaam na Bujumbura)

Swali la haki, na jibu la haraka litakuwa uongo, liwe ndiyo au hapana.

Mbegu ya ubaya ilikuwamo mapema. Mwaka 1913 kikundi cha Wandervogel cha mji wa Zittau kilimkataa msichana kwa kuwa ni Myahudi. Kelele zikapigwa, na viongozi wa taifa, badala ya kusimama, wakaamua kila kikundi kijiamulie. Hapo ndipo nawalaumu. Tayari mwaka 1912 vijana wa Kiyahudi wa Breslau walikuwa wameanzisha chama chao cha matembezi, Blau-Weiss. Ludwig Klages, aliyeandika kwa ajili ya mkutano wa Meissner makala ya kuwalilia wanyama na misitu inayoangamizwa, alikuwa pia na chuki dhidi ya Wayahudi. Kupenda msitu hakukumzuia. Halafu mwaka 1914 wengi wa wale waliokataa magwaride walijitolea wenyewe kwenda vitani, na maelfu hawakurudi. Hans Breuer wa kitabu cha nyimbo alifia Verdun, Ufaransa, mwaka 1918, akiwa daktari wa jeshi.

Wanazi waliiba kila kilichovutia: hema, moto wa kambi, nyimbo, kaptura. Walichotupa ni kiini chenyewe. Tarehe 17 Juni 1933 Baldur von Schirach alifanywa kiongozi wa vijana wote wa nchi, na mara moja akavunja muungano mkubwa wa vyama huru. Mwaka 1939 kujiunga na Vijana wa Hitler kukawa lazima. Wapo viongozi wa vyama vya matembezi walioingia kwa furaha. Robert Oelbermann, mwanzilishi wa chama cha Nerother, hakukubali, akafia kambi ya mateso ya Dachau mwaka 1941. Hans Scholl aliipenda kwanza sare ya Hitler, kisha akavutwa na vikundi vilivyokatazwa, akakamatwa kwa ajili hiyo mwaka 1937. Februari 1943 yeye na dada yake Sophie walikatwa vichwa kwa kusambaza vipeperushi vya kuwapinga Wanazi.

Na kulikuwa na watoto wa vitongoji vya Köln, wengi wanafanya kazi viwandani, walioitwa Edelweisspiraten. Mwisho wa juma walipanda milimani na gitaa, wavulana kwa wasichana, wakiimba nyimbo zilizopigwa marufuku na kupigana na doria za Vijana wa Hitler. Tarehe 10 Novemba 1944 watu 13 walinyongwa hadharani mtaa wa Ehrenfeld bila kesi, mmoja wao Bartholomäus Schink, miaka 16. Kwa miongo kadhaa watoto hao walihesabiwa kuwa wahuni. Serikali iliwatambua rasmi mwaka 2005, miaka zaidi ya 60 baadaye, na hilo bado linaniuma.

Ni kweli mahipi wa Kalifornia wametokana na Wajerumani? (Msomaji, Toronto)

Kwa sehemu. Wahamiaji kadhaa wa Kijerumani waliokula matunda na mboga mbichi walifika huko mapema. Maarufu ni Bill Pester, aliyeishi kwenye kibanda cha makuti karibu na Palm Springs, nywele ndefu, kifua wazi, nusu karne kabla ya mahipi. Vita vya Vietnam, muziki na mengine yalikuwa ya Wamarekani wenyewe.

Bado wapo? (Msomaji, Zanzibar)

Wapo, vikundi vidogo vidogo, na wamekuwa wakikutana tena kwa kumbukumbu ya Meissner: 1963, 1988, 2013. Hosteli za vijana Ujerumani zipo mamia. Ukifika, nenda ngome ya Ludwigstein, ambayo vijana hao waliipata mwaka 1920 kuwa kumbukumbu ya wenzao waliokufa vitani, na sasa imehifadhi nyaraka za harakati nzima. Paasche pia anakumbukwa humo. Iko nje kidogo ya mji wa Witzenhausen, na mjini penyewe ilikuwapo shule ya kikoloni, iliyoanzishwa mwaka 1898 kuwaandaa Wajerumani waliokuja kutwaa mashamba huku kwetu. Tembelea kote kuwili siku moja.