Barafu siyo siri ya Djokovic

Swali: Habari mtaalamu. Nina miaka 41, nacheza tenisi hapa Dar es Salaam jioni mara tatu kwa wiki. Mwaka 2012 Novak Djokovic alicheza nusu fainali ya Australian Open kwa saa 4 na dakika 50, akapumzika siku moja, akacheza fainali ya saa 5 na dakika 53 na kushinda. Mimi seti ya tatu tu misuli ya miguu inakaza, na kesho yake kushuka ngazi ni kazi. Wenzangu wanasema niingie kwenye pipa la barafu. Wachezaji wakubwa wanafanyaje?

Jibu: Salama, ndugu yangu. Kwanza, hizo saa karibu 6 zinadanganya kidogo. Muda ambao mpira unachezwa kweli mara nyingi haufiki hata theluthi ya mechi. Kati ya pointi na pointi kuna sekunde 25, wakibadilishana upande sekunde 90. Akiba ya nguvu ya haraka iliyomo kwenye misuli hurudi karibu nusu ndani ya nusu dakika, kwa hiyo mchezaji hodari ni yule ambaye mapigo ya moyo wake yanashuka upesi katika zile sekunde 25. Uwezo huo haujengwi kwa kukimbia polepole kilomita 10 tu. Kimbia kwa nguvu sekunde 15, pumzika 25, rudia mara 10, pumzika dakika chache, kisha anza tena.

Na wao pia huchoka. Siku ile ya fainali Djokovic na mpinzani wake, Rafael Nadal, ilibidi waletewe viti wakati wa hotuba za kukabidhi vikombe. Mmarekani John Isner, baada ya ile mechi ya saa 11 na dakika 5 Wimbledon mwaka 2010, alirudi uwanjani kesho yake akafungwa seti tatu bila katika dakika 74. Usiku mmoja haukumtosha.

Kukaza misuli kuna sababu zaidi ya moja: uchovu wa msuli wenyewe, jasho na chumvi iliyopotea, hata wasiwasi. Mhispania Carlos Alcaraz, akiwa na miaka 20, alikazwa misuli mwili mzima mbele ya Djokovic kwenye nusu fainali ya Roland Garros, mashindano ya Ufaransa, mwaka 2023, na mwenyewe alisema ni presha ya mechi. Kwako wewe, na joto la Dar, ningeanza na jasho. Jipime uzito kabla na baada ya kucheza. Kila kilo iliyopungua irudishe kwa lita 1.2 hadi 1.5, kidogo kidogo, pamoja na chakula chenye chumvi (kama una shinikizo la damu, chumvi muulize daktari wako kwanza). Madafu ni mazuri, ila yana potasiamu nyingi kuliko sodiamu (ile iliyomo kwenye chumvi), na jasho huondoka zaidi na sodiamu.

Maumivu ya ngazi yanatokana na kufunga breki: kila unaposimama ghafla, msuli wa paja unavutwa huku umekaza, na nyuzi zake zinachanika kidogo. Djokovic amezoea kazi hiyo tangu utotoni. Wewe zoea kwa kuchuchumaa polepole, sekunde 4 kushuka, mara mbili kwa wiki.

Pipa la barafu? Maji ya nyuzi joto 10 hadi 15 kwa dakika 10 hupunguza maumivu, na mtu mwenye mechi keshokutwa atayahitaji. Ukiyatumia kila baada ya mazoezi ya nguvu, misuli haikui kiasi ambacho ingekua bila barafu. Mimi ningechukua sahani ya wali na maharage ndani ya saa moja, na usingizi wa saa 8. Wanga uliotumika misulini huchukua hata siku nzima kurudi, kwa hiyo usipange mechi ngumu siku mbili mfululizo.

Jambo moja tu lisisubiri: ukiona maumivu makali na mkojo una rangi ya chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyohiyo.