Gitaa la pili kwenye Bleach

Yaya, umeuliza kama gitaa la pili kwenye Bleach, albamu ya kwanza ya Nirvana, bendi ya rock ya Marekani (1989), ni la Jason Everman. Hapana, Everman hakupiga hata wimbo mmoja, ijapokuwa jaladani yumo, picha na jina. Magitaa yote ni Kurt Cobain, mwimbaji wa bendi. Everman ndiye aliyelipia studio ya Jack Endino, aliyeirekodi albamu, kule Seattle, dola 606.17, wakamwandika kama shukrani. Ninayo albamu yenyewe hapa Himbi, mtaani kwetu Goma: nyuma wameandika kabisa kwamba ilirekodiwa kwa dola 600. Sisi wanamuziki wa Goma tunajua thamani ya mtu anayekutolea pesa ya studio! Dramu ni Chad Channing, ila nyimbo Floyd the Barber na Paper Cuts ni Dale Crover, mpiga dramu wa bendi ya Melvins, zilirekodiwa Januari 1988.