Hela ya korosho huja Novemba, shule huidai Julai

Nina steshenari ndogo hapa Masasi, mkoani Mtwara, jirani na stendi. Fotokopi, kuchapa barua, madaftari, na kuanzia Julai hadi Septemba kazi kubwa ni moja: kuwajazia vijana maombi ya vyuo na ya mkopo wa elimu ya juu. Miaka minane sasa. Nayaandika haya kwa ajili ya mzazi, mjomba, dada au kaka mwenye mtoto aliyeingia kidato cha kwanza mwaka huu, kwa sababu wengi wanaofika kwangu wakiwa wamechelewa hawakuchelewa Julai. Walichelewa miaka minne au sita nyuma.

Kuna mzee mmoja alikuja na binti yake, wametoka vijiji vya upande wa Newala. Binti alikuwa amemaliza kidato cha sita na amefaulu vizuri. Mzee akafungua mfuko uliokuwa na salfa, ile ya kupulizia mikorosho, akatoa karatasi moja moja na kuzipanga juu ya kaunta yangu. Kila karatasi ilikuwa na vumbi la njano kwenye mikunjo. Kadi ya kliniki, cheti cha darasa la saba, barua ya kujiunga na kidato cha tano, risiti za AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Alikuwa ametunza kila kitu. Cheti cha kuzaliwa tu ndicho hakikuwepo. Kadi ya kliniki ilikuwa na jina moja, matokeo ya mtihani yalikuwa na jina lingine. "Hilo la kwanza la utotoni, mwanangu," akaniambia. "Akatoka unyagoni, akapewa hili." Dirisha la mkopo lilikuwa limebakiza siku tisa. Tulikimbia, kweli tulikimbia, na hazikutosha. Binti alikaa nyumbani mwaka mzima.

Tangu siku ile, mtu akija kununua madaftari ya kidato cha kwanza, simwachi aondoke kabla sijamuuliza jina la mtoto limeandikwaje na wapi.

Kwa hiyo naanza na jina. Watu wa Kusini tuna majina mengi na hilo si kosa. Mtoto ana jina la kuzaliwa, ana la jandoni au unyagoni, babu ana lake analomwitia. Lakini jina aliloandikishiwa shule ya msingi ndilo linalomfuata kwenye mitihani ya taifa, na cheti cha kidato cha nne kikishatoka na jina hilo, hakuna wa kukibadilisha kirahisi. Hata herufi ina kesi yake. Hamisi na Khamis kwa bibi ni mtoto mmoja, kwa mfumo wa kompyuta ni watu wawili. Wengine jina la tatu ni la babu, huku cheti cha kuzaliwa kina la ukoo. Ukifika chuo ndipo utaambiwa uende kwa wakili ukaape kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, na kiapo hicho kina gharama, na kinaombwa wakati ambao hela haipo.

Mtoto akiwa kidato cha kwanza, hili ni jambo la asubuhi moja. Chukua cheti cha kuzaliwa, nenda nacho shuleni, mwombe mwalimu wa taaluma akuonyeshe jina lilivyo kwenye usajili. Yakitofautiana, omba lirekebishwe kabla mtoto hajasajiliwa kwa upimaji wa kidato cha pili. Kama cheti hakipo kabisa, basi hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya mwaka: kadi ya kliniki au cheti cha ubatizo kama kipo, barua ya mtendaji wa kijiji, na safari ya ofisi ya wilaya kwa wanaoshughulikia vyeti vya RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Baadaye, mkopo ukiombwa, cheti hicho kitatakiwa kihakikiwe na RITA wenyewe, kwa hiyo usikubali cha mkato cha mtu wa mtaani. Kama mmoja wa wazazi amefariki, cheti cha kifo nacho kitafutwe mapema. Najua kinauma kukifuatilia. Lakini nimewaona yatima wakikosa kutambuliwa kuwa yatima kwa sababu hakuna karatasi inayosema hivyo. Na kama kaya yenu imo TASAF, mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, tunza namba yake, nayo huulizwa.

Sasa hela.

Elimu bila ada ipo, kidato cha kwanza hadi cha nne tangu 2016, na ada ya kidato cha tano na sita ikaondolewa mwaka wa masomo 2022/23. Ni msaada mkubwa. Ila ada kuondoka si sawa na gharama kuisha. Fomu ya kujiunga na kidato cha tano ikifika, inataka godoro, tranka, shuka, sare jozi mbili, viatu, ndoo, jembe au fyekeo, rimu ya karatasi, na nauli, maana mtoto wa Tandahimba anaweza kupangwa Tabora. Kidato cha tano huanza Julai.

Na Julai kwetu ni mwezi gani? Mikorosho inataka salfa. Hela ya msimu uliopita imeshaisha, ya msimu ujao bado ni maua. Minada huanza Oktoba, malipo huingia benki Novemba, Desemba, pengine Januari. Kalenda ya shule na kalenda ya korosho zimepishana kwa miezi saba au minane, na katika pengo hilo ndipo baba anapouza kangomba. Anapimiwa kwa bakuli, korosho ambazo bado ziko mtini, kwa bei ambayo msimu ukifika humfanya ashike kichwa. Anafanya hivyo kwa ajili ya godoro la mtoto. Nimeshamchapia mtu barua ya kuomba shule impokee mtoto bila godoro, na huku najua kwamba Novemba iliyopita alikuwa na milioni mkononi.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa mdogo wangu. Alitakiwa kuripoti chuo mwaka 2018. Mtakumbuka msimu ule: wakulima walikataa bei za mnadani, mauzo yakasimama, hadi Novemba ikatangazwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo. Baba alikuwa na magunia ghalani na hakuwa na nauli ya kumfikisha kijana Dar es Salaam. Mkopo alikuwa amepata, lakini hela ya kujikimu huja mwanafunzi akishafika na kusajiliwa, haimfuati nyumbani. Tuliuza mbuzi wawili na cherehani ya mama. Cherehani hiyo hatujairudisha mpaka leo.

Ushauri wangu hapa ni mmoja na ninaurudia kila siku kaunta kwangu: hela ya Julai itengwe Novemba, siku ile ile malipo yanapoingia, kabla ya bati, kabla ya pikipiki, na nasema kwa heshima zote, kabla ya ngoma ya jando na unyago. Sisemi ngoma isichezwe. Nimechezwa, na wanangu watachezwa. Ila fungu la shule litoke kwanza, halafu ngoma ipangwe kwa kinachobaki. Mtoto wa kidato cha kwanza mwenye fungu dogo kila Novemba, miaka minne, akimaliza kidato cha nne ana godoro, tranka na nauli bila bakuli la mtu.

Na liwekwe wapi? Kibubu cha nyumbani huvunjwa mtoto akiugua. Vikundi vya kuweka na kukopa vingi hugawana Desemba, wakati ambao kila mtu tayari ana hela. Kina mama wa mtaa wetu tulikaa tukaamua kikundi chetu kigawane Juni. Tulibishana mikutano miwili. Sasa Juni ikifika, kila mmoja anachukua chake na anakwenda dukani kulipa taslimu, bila kukopa. Kama kikundi chenu kinagawana Desemba, lipelekeni hili jambo kwenye kikao.

Mjomba awepo kwenye mazungumzo haya. Kwetu mjomba ana neno kwa mtoto wa dada yake, na nimeona mipango mizuri ya baba na mama ikifa kwa sababu mjomba alisikia mwishoni. Nimeona pia mjomba aliyeuza mazao yake akamsomesha mpwa hadi mwisho kwa kuwa aliitwa tangu siku ya kwanza.

Upande wa masomo nina mawili tu ya kusisitiza, mengine walimu watayasema vizuri kuliko mimi.

La kwanza ni kuacha Fizikia na Kemia. Mtoto akifika kidato cha tatu, wengi huziacha kwa sababu ni ngumu au rafiki yake kaacha. Miaka miwili baadaye anakuja kwangu anataka uuguzi, Ndanda pale karibu, na vyuo vya afya vinaangalia Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hata D ingemfungulia mlango, lakini mtihani wenyewe hakuufanya. Kwa hiyo swali la "unataka kuwa nani" liulizwe kabla ya kidato cha pili kuisha. Jibu lake si lazima liwe la milele, ila ajue kila somo analoliacha linafunga kozi gani.

La pili liliniumiza sana. Kijana alikuja na matokeo ya kidato cha nne, D nne. Ngazi ya diploma inaanzia hapo, ufaulu wa masomo manne, akawa na furaha, mama yake amekuja na pishi ya karanga kunishukuru kabla hata sijaanza. Nikasoma: Kiswahili, Uraia, Baiolojia, na Elimu ya Dini ya Kiislamu. Masomo ya dini hayahesabiwi kwenye zile nne za kuingilia chuo. Ilibidi nimwambie mama yake amekaa pale kwenye benchi. Dini isomwe, mimi mwenyewe naisoma, lakini mtoto ahakikishe ana manne mengine pembeni yake. Kijana alireseti, akapata Jiografia, leo yupo chuo.

Kwa anayelenga kidato cha tano, C ndiyo kipimo, angalau tatu, na ziendane na tahasusi anayoitaka. Atakayefika kidato cha sita, shahada huanzia masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi 4, na GS, yaani General Studies, haimo kwenye hesabu hiyo. Udaktari unataka zaidi. Na Hisabati isipuuzwe kwa sababu tu "ukoo wetu hatuziwezi."

Wala si lazima kila mtoto apite kidato cha tano. VETA, vyuo vya ufundi stadi, ipo Mtwara na ipo Lindi, vyuo vya ualimu vipo Mtwara, uhasibu kuna tawi la TIA Mtwara, shahada kuna Stella Maris. Mtoto akisoma karibu, nauli inageuka chakula.

Jambo la mwisho ambalo wazazi wengi hushtukizwa nalo ni JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Kijana akimaliza mtihani wa kidato cha sita Mei, anaweza kuitwa kwenye mafunzo ya mujibu wa sheria, na maombi ya mkopo yakafunguliwa yeye akiwa kambini. Hawezi kukimbia kwa mwenyekiti wa kijiji kugonga muhuri akiwa anakimbia mchakamchaka mkoa mwingine. Kwa hiyo kabla hajaondoka, mtu mmoja nyumbani awe na bahasha yenye nakala za kila kitu: vyeti, cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa, picha, kitambulisho cha mdhamini, namba ya mtihani. Na huyo mtu awe na simu inayopatikana. Mwaka jana mama mmoja asiyejua kusoma alikuja tukakamilisha maombi ya mwanawe kwa siku moja, kwa sababu bahasha ilikuwa imepangwa na mtoto mwenyewe kabla ya kupanda basi.

Kwetu, mtoto wa dada yangu ameanza kidato cha kwanza Januari hii. Jumamosi iliyopita tulikaa naye ukumbini, nikampa daftari la kurasa mia moja liwe la mambo haya tu: majina, namba, tarehe, hela iliyotengwa. Akaandika jina lake juu ya jalada kwa herufi kubwa, majina matatu, kama lilivyo shuleni. Bibi yake akaomba asomewe. Aliposikia akauliza huyo ni nani, maana yeye humwita kwa jina la jandoni, na hajui kama lile la kwanza liliwahi kuandikwa popote. Cheti cha kuzaliwa hana. Jumatatu tunakwenda ofisi ya wilaya, na bibi anakuja nasi, kwa sababu ndiye pekee anayekumbuka zahanati aliyozaliwa na jina aliloliandikisha siku ile.