Maswali ya Wasomaji: Kilele cha BDE-209 Kimeshuka, Kosa Liko Wapi?

SWALI: Ndugu wahariri, tunapima vizuia moto vyenye bromini katika plastiki za vifaa vya umeme, kwa kromatografia ya gesi na spektrometa ya masi. Kemikali yetu rejea (ya kulinganishia vipimo) ya BDE-209, kizuia moto chenye bromini kumi, mikrogramu 50 kwa mililita katika toluini, tumeitumia miezi mitatu. Sasa kilele chake kwenye grafu ya mashine kimeshuka karibu nusu, na vilele vidogo vitatu vimechomoza mbele yake. Je, tuitupe?

JIBU: Msiitupe bado. Vilele hivyo yaelekea ni BDE-206, 207 na 208, yaani molekuli ileile iliyokwisha kupoteza bromini moja kati ya kumi. Bromini hiyo hung'oka kwa mwanga, chupa ikiachwa mezani, au kwa joto la injekta, yaani mlango wa moto wa mashine unaopokea sampuli. Machoni matokeo hufanana, ndiyo maana wengi hutupa kemikali nzima kwa kosa la mashine.

Vunjeni ampuli mpya. Chukueni mikrolita 200, mtie katika chupa ya ujazo ya mililita 10 yenye kioo cha kahawia, mjaze toluini hadi mstarini. Mtapata mikrogramu 1 kwa mililita. Ya zamani nayo izimueni vivyo hivyo, kisha pimeni zote mbili mfululizo. Vilele vitatu vikionekana kwa ya zamani tu, mwanga umeshaiharibu. Vikionekana kwa zote, kagueni injekta: toeni bomba lake la kioo, na mkikuta limepata weusi au lina pamba ya kioo ndani, wekeni jipya lililotibiwa lisishike kemikali, bila pamba. Uchafu wa sampuli za plastiki ndio unaochochea uharibifu huo.

Dalili ya tatu ni mstari wa chini kuinuka kama kichuguu kabla ya kilele. Hapo BDE-209 inavunjika njiani, ndani ya kolamu, yaani bomba refu jembamba linalotenganisha kemikali. Kolamu ya mita 30 ni ndefu mno kwake. Tumieni ya mita 15 yenye utando wa mikrometa 0.1, isikae muda mrefu juu ya nyuzi 300.

Kuna mtego mwingine. BDE-209 haipendi kuyeyuka. Ikitoka kwenye friji, acheni chupa ifikie joto la chumba kabla ya kuifungua, kisha iwekeni dakika 10 katika beseni la mawimbi ya sauti. Punje nyeupe zikibaki chini, mkusanyiko wa kemikali yenu rejea utakuwa pungufu, na mashine haitaonyesha dalili yoyote ile. Msizimue kwa methanoli. Pimeni pia uzito wa chupa kila mnapoirudisha: ikipungua bila kutumika, toluini imevukia kwenye kifuniko kilichotobolewa na sindano, na mkusanyiko umepanda.

Kama mnatumia BDE-209 yenye kaboni-13 (kaboni nzito kidogo) kama kemikali ya ndani, yaani ya kulinganishia inayotiwa ndani ya sampuli yenyewe, tieni kabla ya kukamua plastiki, ipitie misukosuko yote pamoja na ile ya kawaida. Ila kwa uionishaji hasi (mashine ikisoma vipande vyenye chaji hasi) msisome masi 79 na 81, kwani hizo ni bromini tupu, na BDE-209 ya kawaida na yenye kaboni-13 hutoka dakika moja; hamtazitenganisha. Someni 486.6 kwa ya kawaida na 494.6 kwa yenye kaboni-13. Na uwiano wa hizo mbili ukiwa mzuri, msilale: zinavunjika pamoja, kwa hiyo uwiano hautawaambia kwamba mashine inafifia. Tazameni eneo la kilele lenyewe kila siku.

SWALI: Je, HBCD, kizuia moto kingine chenye bromini, tuipime kwa mashine hiyohiyo?

JIBU: Kwa jumla yake, inawezekana. Kwa maumbo yake ya alfa, beta na gama, kila moja peke yake, hapana: juu ya nyuzi 160 hugeukiana, na mtakachosoma sicho kilichokuwa kwenye plastiki. Tumieni kromatografia ya kimiminika na spektrometa ya masi ya hatua mbili.